Uliza Ujibiwe: shimo la choo, vigae vya kaure na mji ulio chini ya mji

Toleo lililopita niligusia mistari kama kumi tu habari za wale wanaochimba miji ya kale huku kwetu, kumbe nimechokoa mzinga wa nyuki. Maswali yamekuja kutoka Lamu, Siyu, Malindi, mengine yanafanana basi nimeyachanganya, ya matusi nimeyaacha huko huko yalikotoka. Kwa wasionijua, mie si profesa. Nilishika mwiko na karai kwenye mashimo ya akiolojia misimu kadhaa nilipokuwa kijana, nikachekecha mchanga mpaka kucha zikaisha, kwa hivo najibu kwa nilichoona na nilichofunzwa na wenye kazi yao.

SWALI: Asalaam aleikum ami. Mie ni mwashi, niko Langoni hapa Lamu. Juzi tulikuwa tunachimba shimo la septiki uani kwa mtu, tulipofika kama kifuani tukaanza kukuta vitu. Vigae vya vyungu vyeusi vingi sana, vipande vya kaure nyeupe yenye maua ya buluu, mifupa ya samaki, na sakafu ya chokaa ambayo chini yake kuna jivu, na chini ya jivu kuna sakafu nyingine tena. Mwenye nyumba kaniambia nimalize haraka kabla watu hawajajua, kazi isije ikasimamishwa. Mwenzangu anasema tutoe vile vya buluu tuwauzie watalii. Nifanyeje? Na je hizo ni nyumba mbili au ni moja? (Mwashi, Langoni)

JIBU: Wa aleikum salaam mwanangu. Nianze na hilo la mwisho manake ndo tamu, hayo ya mwenye nyumba na watalii tutayafikia.

Sakafu mbili si lazima ziwe nyumba mbili. Mtu anaweza kuwa na nyumba ile ile, sakafu ikamchakaa, akamwaga kifusi juu yake akapiga chokaa upya, si hata nyinyi leo mnafanya hivo? Kitakachokuambia ni kile kilicho katikati. Kingekuwa kifusi kisafi, mchanga na mawe madogo, ningesema mwenye nyumba alikuwa anapandisha sakafu yake tu basi. Lakini wewe umesema jivu, na mifupa ya samaki. Hilo ni jaa. Yani kuna siku ile nyumba ya chini ilikufa, boriti zikaliwa na mchwa au watu wakahama, na majirani wakaona hapa ndo pa kutupia jivu la jikoni na makombo, labda miaka kumi labda hamsini, mpaka akaja mwengine akasawazisha akajenga juu yake. Kwa hivo kwa mbali hivi bila kuona ningesema mbili, ila ningetaka kuutazama ukuta wa nyumba kwanza. Ile sakafu ya juu imefika ukutani ikapanda nao kidogo pale pembeni kama chokaa inavyopanda, au ukuta umeikata? Ikiwa ukuta umeikata basi ukuta umekuja baada ya sakafu. Kilichokata ni mdogo wa kilichokatwa, na cha juu kimekuja baada ya cha chini, hiyo ndo alifu na be ya kazi hii, yaliyobaki ni jasho na kuumwa mgongo.

Watu hudhani mji wa kale umefukiwa na balaa la siku moja. Mara nyingi ni polepole mpaka hakuna aliyeona. Nyumba ya miti na udongo haidumu sana, na ikianguka udongo wake haubebwi na mtu kwenda popote, unakanyagwa unasawazishwa unakuwa kiwanja cha nyumba ya pili, na ya pili ikianguka ni kiwanja cha ya tatu. Tia maganda ya chaza, tia vyungu vilivyopasuka, tia jivu la kila siku, na mchanga unaopeperuka kusi ikivuma, mji unapanda wenyewe chini ya nyayo za watu. Hata wazee wa Lamu husema mji wa kwanza ulikuwa upande wa Hidabu ukamezwa na mchanga.

Sasa na mie nina swali kwako. Vile vya buluu mlivikuta wapi? Juu ya sakafu ya kwanza, ndani ya jivu, au chini ya sakafu zote mbili? Najua huwezi kunijibu, manake mlikuwa mnatupa kwa koleo kila kitu kikaenda kwenye lundo moja pale juu. Basi hapo ndo penye hasara, wala si hasara ya pesa. Kaure ya Kichina nyeupe na buluu ilianza kutengenezwa kwa wingi karne ya 14, ikaendelea kuletwa pwani karne baada ya karne, na karne ya 19 Wazungu nao wakawa wanaleta sahani zao zenye maua ya buluu, wanawake wetu wakazipanga kwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani. Kigae peke yake mkononi mwa mtalii ni kipande cha sahani. Kigae kile kile kikiwa bado kimekaa chini ya sakafu zote mbili kinasema sakafu zote zimepigwa baada yake, na tayari una umri wa nyumba ya mtu asiye na jina wala kaburi linalojulikana. Kikiwa juu ya zote mbili basi hakisemi kitu kuhusu huko chini. Ni kitu kile kile, hakijabadilika hata chembe, kilichobadilika ni pale kilipokuwa kimelala.

Usidhani nakusema wewe tu, mie nimefanya vibaya zaidi na nilikuwa nimefunzwa. Msimu wangu wa pili, shimo letu lilikuwa mita mbili kwa mbili, na kila tabaka lina karai lake na tiketi yake, namba ya shimo, namba ya tabaka, tarehe, jina la mchimbaji. Saa sita mchana jua la kichwa, mwenzangu kenda kuswali, mie nikabandika tiketi ya tabaka la tatu kwenye karai la tabaka la tisa na la tisa kwenye la tatu. Sikujua. Jioni tunaosha vigae kwa miswaki ya meno, mkubwa wetu akainua kipande cha kaure ya buluu kilichotoka ati kwenye nyumba za udongo za chini kabisa, akakigeuza, akakigeuza tena, akaniangalia. Hakupiga kelele. Akachukua makarai yote mawili, vigae kama mia nne hivi, akavitia kwenye gunia moja akaandika juu yake neno moja tu, «Mchanganyiko». Kazi ya siku tatu za watu wanne ile. Gunia lile lilikaa kwenye kona ya stoo msimu mzima na kila nikiingia nilikuwa naliona.

Haya, ufanyeje. Kwanza simamisha koleo, usiendelee hata kidogo. Piga picha ukuta wa shimo, si vile vitu peke yake, ukuta, na utegemeze tepu mesha kutoka juu mpaka chini ili namba zionekane. Ukiweza mwagia ukuta maji kidogo kwa chupa yenye matundu, rangi za matabaka zitajitokeza utashangaa. Usivioshe vigae, usivichambue vizuri na vibaya, vyungu vyeusi ndo vyenye maneno zaidi kuliko hiyo kaure mnayoitaka. Afu upeleke habari kwa watu wa makumbusho hapo hapo Lamu. Sheria ya makumbusho na turathi ya 2006 inamtaka aliyekuta kitu cha kale atoe taarifa kwa Makumbusho ya Kitaifa ndani ya siku saba, na kitu kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895 kinahesabiwa ni cha kale, si cha kumuuzia mtu akaondoka nacho kwenye begi. Mwenzako mwambie hivo, na kama hasikii mwambie kwa sauti.

Mwenye nyumba namuelewa, sitajifanya simuelewi. Ana wageni, ana choo kilichojaa, na Lamu mjini kubeba mchanga kwa punda si bei ndogo. Lakini mji wa kale wa Lamu uko kwenye orodha ya turathi za dunia tangu 2001, na ukichimba uani humo chini lazima ukutane na waliokutangulia, kwa hivo taarifa ni bora itoke kwake kuliko itoke kwa jirani.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Tumeambiwa shuleni ile sarafu ya Kichina iliyopatikana Mambrui inathibitisha Wachina walifika Malindi zamani. Rafiki yangu anabisha, anasema sarafu ingeweza kuletwa na mtu yeyote. Nani yuko sawa? Na wanajuaje mwaka wa kitu kisichoandikwa tarehe? (Mwanafunzi, Malindi)

JIBU: Marahaba. Nyote mko sawa na rafiki yako yuko sawa zaidi kidogo, mpe soda.

Ile ya Mambrui ilipatikana 2010 kwenye uchimbaji wa Wakenya wakishirikiana na Wachina wa Chuo Kikuu cha Peking, na 2013 ikapatikana ya aina hiyo hiyo kisiwani Manda, timu ya Chapurukha Kusimba na Sloan Williams kutoka Chicago. Zote ni za mfalme Yongle aliyetawala China kuanzia 1402 hadi 1424, ya duara, katikati tundu la mraba la kupitishia uzi. Sawa. Sasa hebu fikiria bibi yangu mie. Alikuwa na senti kumi ya mkoloni, ile ya tundu, kaifunga kwenye pembe ya leso tangu ujana wake, na nyumba yake ya mwisho ilijengwa mkoloni keshaondoka zamani. Tuseme ile senti imeangukia chini ya sakafu siku inapigwa simenti. Atakayekuja kuichimba akisema «nyumba hii ni ya wakati wa mkoloni» atakuwa amekosea kabisa, lakini akisema «nyumba hii haiwezi kuwa ya kabla ya mkoloni» hapo amepata. Sarafu inakupa mlango wa kuingilia, haikupi wa kutokea. Tabaka lenye sarafu ya Yongle halikufungwa kabla ya Yongle, linaweza kuwa la mwaka ule, linaweza kuwa la miaka mia baadaye, na aliyeiangusha anaweza kuwa Mchina, Mhindi, Mwarabu au mtu wa Mambrui aliyelipwa deni.

Kwamba meli za Wachina zilifika pwani yetu zama zile tunalijua kwa njia nyingine, kumbukumbu zao wenyewe zimeandika, na 1415 twiga kutoka Malindi alifikishwa mbele ya mfalme huyo huyo. Sarafu inakaa vizuri ndani ya hadithi hiyo. Ila haiibebi peke yake.

Kuhusu mwaka. Mkaa, mbegu, mfupa, chochote kilichokuwa hai kina kaboni ya aina inayopungua yenyewe kwa kasi inayojulikana, nusu yake huisha kila miaka 5,730, basi maabara wanapima iliyobaki wanahesabu kurudi nyuma. Lakini kuna mitego na hii hawawaambii shuleni. Ukipima mkaa wa boriti nene umepima umri wa mti, na boriti nzuri huhamishwa kutoka nyumba hadi nyumba, kwa hivo afadhali punje ya mtama iliyoungua jikoni, ile imeishi msimu mmoja tu ikavunwa. Ukipima ganda la chaza, bahari ina kaboni yake kuukuu, inakupa umri mkubwa zaidi kwa mamia ya miaka usiposahihisha. Afu kuna kalenda ya vyungu, ambayo mie naipenda zaidi. Mitindo ya midomo ya vyungu na nakshi zake inabadilika kama mitindo ya nguo, na mtu aliyekaa navyo miaka ishirini akiokota kigae njiani anakwambia karne yake kabla hujamaliza kumsalimia.

SWALI: Huku Siyu tumekua tukisikia mji wa kale wa Shanga ulijengwa na Wachina, ati jina lenyewe ni Shanghai. Wengine wanasema ni Waarabu watupu waliokuja na kujenga. Waliochimba walikuta nini? (Mtu wa Siyu)

JIBU: Ndugu yangu wewe unaishi jirani nayo na unaniuliza mie? Haya. Tuanze na Shanghai, tumalize nayo upesi. Mji wa Shanga umeanza karne ya 8, na watu waliuacha mwanzoni mwa karne ya 15. Meli za Yongle zinakuja pwani hii Shanga inakaribia kufa, ishakaa zaidi ya miaka mia sita. Mgeni aliyefika siku ya arubaini hakumzaa marehemu.

Hilo la Waarabu watupu ni refu kidogo. Mwanaakiolojia Mark Horton alianza kuchimba Shanga 1980 akaendelea misimu kadhaa mpaka mwishoni mwa miaka hiyo ya themanini. Kabla yake mwanaakiolojia mwengine, Neville Chittick, alikuwa amechimba Manda, mji wa karne ya 9 wenye kuta nene za mawe ya bahari na matofali ya kuchoma, na vyombo vingi vya ng'ambo, na yeye akaona hii ni kazi ya walowezi kutoka Ghuba ya Uajemi. Kwa vile alivyoona si ajabu. Sasa Shanga walishuka chini kabisa, mpaka mchanga mweupe usio na kitu, ule tunaouita mchanga wa Mungu, na huko chini hawakukuta mawe. Walikuta nyumba za miti na udongo, na vyungu vyenye nakshi za pembe tatu za kuchanja, vile vile vinavyopatikana mto Tana na bara yake. Vyungu vya ng'ambo vipo tangu chini, lakini vichache, na vile vya kwetu havikatiki, vinapanda nawe tabaka kwa tabaka bila pengo. Wageni wangekuja wakaanzisha mji wao wenyewe ungekuta pengo.

Kitu cha kukaa nacho ni msikiti. Msikiti wa Ijumaa wa Shanga, maghofu yake yapo mpaka leo, walichimba chini ya sakafu yake wakakuta msikiti mwengine, chini ya huo mwengine, na mwengine, wa mawe, halafu wa miti, mpaka wakafika kwenye kijumba kidogo cha miti cha mwisho wa karne ya 8 ambacho wasingeswali humo watu wengi. Sasa utasema, mti umekaa miaka elfu na mia mbili ardhini, umeuonaje? Huoni mti. Nguzo ikioza shimo lake linajaa udongo laini mweusi kuliko udongo wa pembeni, basi ukikwangua kwa mwiko kwa kulaza, ukakwangua, ukakwangua, unatokea mviringo mweusi kama doa la kahawa kwenye kanzu, na hatua moja mbele mwengine, na mwengine, na ukisimama ukirudi nyuma unaona wamesimama safu. Mie nimewahi kuona madoa kama hayo ya nyumba ya kawaida tu, si msikiti, na wallahi nilinyamaza. Pia Shanga zilipatikana sarafu ndogo ndogo za fedha, nyembamba, zilizopigwa huku huku kwetu na wenyeji Waislamu.

Kwa hivo jibu langu, watu wa hapa ndo walioanza mji, wakapokea dini mapema, wakaoana na waliokuja na pepo za misimu. Nani kamuoa nani tutalisema kwenye swali la yule mama hapo chini.

SWALI: Ni kweli kuna dhahabu kwenye maghofu ya Takwa na inalindwa na majini? (Hakuandika jina)

JIBU: Majini siwazungumzii, kila mtu na yake. Dhahabu mie sijawahi kuiona shimoni hata ya kujaza jino. Wanaoenda usiku na sururu kutafuta huvunja sakafu, hupata vigae, hukasirika, huondoka. Shimo lao hubaki.

SWALI: Mji wa kale wa Gedi umechimbwa tangu enzi za wakoloni, kwa nini mpaka leo bado sehemu kubwa iko chini ya msitu? Pesa hakuna au kuna kitu kinafichwa? (Dereva wa tuktuk, Malindi)

JIBU: Pesa hazijawahi kutosha, hilo kweli. Lakini kuacha ni makusudi pia. Mwanaakiolojia James Kirkman alianza kuchimba Gedi 1948, akafanya kazi miaka kumi hivi, akafungua msikiti mkuu, jumba la mfalme na nyumba za pembeni yake, na nyumba akazipa majina ya vilivyookotwa ndani, Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Kauri, Nyumba ya Kijaluba cha Pembe. (Kauri hapa ni zile simbi za baharini, si kaure ya sahani, wageni wako wakikuuliza usije ukachanganya kama wanavyochanganya wengi.) Lipo na kaburi lenye tarehe yake limechongwa, 802 Hijria, yani 1399, na kaburi lenye mwaka ni zawadi, manake unapata kigingi cha kufungia kamba ya matabaka yote yanayoligusa.

Lakini fikiria wakati ule. Walikuwa wanafuata kuta. Udongo uliojaa chumbani ulionekana ni taka ya kuondolewa ili jengo lionekane, na kwa zama zao walikuwa waangalifu, siwalaumu. Leo udongo ule ule tunautia kwenye pipa la maji, mbegu zilizoungua zinaelea juu, tunajua walikula mtama au mchele. Tunachukua udongo wa chooni tunatazama mayai ya minyoo. Choo cha shimo ndo hazina kubwa kuliko jumba la mfalme, cheka upendavyo, kwa sababu watu hutupa humo kila wasichotaka kionekane na hakuna anayeenda kukichokoa. Vyote hivo Kirkman hakuwa navyo. Na sisi kuna ambavyo hatunavyo, vitakuja na wajukuu. Ukichimba umeshabomoa, tabaka halirudi, ni kama kitabu unachokisoma huku unachana kila ukurasa, kwa hivo unasoma kurasa chache na nyingine unaziacha zimefungwa. Mji wenyewe una ukubwa wa ekari 45 hivi, na mwaka 2024 umeingia orodha ya turathi za dunia, basi abiria utawapata, kaza breki zako tu.

SWALI: Mwanangu, mie nachukia kusikia watu wanafukua makaburi ya Waislamu ati wanatafuta damu ya nani. Maiti si wana heshima yao? (Mama wa Mkomani)

JIBU: Una haki kuchukia bibi yangu, na mie nilipokuwa shimoni lililokuwa linanisumbua zaidi ni hilo. Mfupa ukitokea kazi inasimama, wazee wanaitwa, na pale nilipofanya kazi mie tuliyokubaliana yalikuwa haya, anayetazamwa anatazamwa pale pale, akihamishwa anarudishwa na kuzikwa upya kwa dua. Najua si kila mahali walifanya hivo.

Walichopata nacho nikuambie, usije ukakisikia kwa mtu wa siasa. 2023 ulitoka utafiti wa vinasaba vya watu 80 wa kale, wengi wa miji ya pwani, wakiwemo wa Manda na Faza, waliozikwa kati ya 1250 na 1800. Wengi wao wana asili mbili, upande wa kike kwa wingi ni Waafrika, upande wa kiume kwa sehemu kubwa ni Uajemi, na kuchanganyika huko kulianza kama mwaka 1000. Sasa ile hadithi ya Washirazi, kwamba mababu walitoka Uajemi, ambayo wasomi waliicheka miaka na miaka, na bibi zetu wakaendelea kuisimulia jikoni, imeonekana ina mfupa ndani. Na kumbuka Shanga, mji ulishakuwepo miaka zaidi ya mia mbili kabla ya hapo. Mama alikuwa na nyumba yake tayari.

SWALI: Nataka kazi ya kuchimba, nina nguvu, niko Shela. Nasikia ati mkishamaliza mnafukia shimo tena, hiyo si kazi bure? (Kijana wa Shela)

JIBU: Nguvu si kitu sana, wenye nguvu ndo wanaovunja. Wanatafuta mtu anayeweza kukaa amechutama saa tatu anakwangua sentimita tano, na anayejua kuhisi kwa mwiko, manake udongo ukibadilika mkono unajua kabla ya jicho, sauti inakuwa nyengine, kutoka shwaa inakuwa krrr. Waashi wa Lamu huwa wazuri kwa hilo, na wavuvi kwa subira. Nenda ukaulize makumbusho, timu zikija huchukua watu wa hapo hapo. Jifunze kuandika tiketi, na mie nishakupa sababu.

Kufukia ndiyo, tunafukia. Ukuta wa shimo ukiachwa wazi mvua moja ya masika inauporomosha, kaa wanatoboa, mizizi inaingia, mbuzi anatumbukia. Tunatandika turubai chini ili atakayekuja ajue pale tuliishia, afu tunarudisha mchanga ule ule uliochekechwa. Na kuna jambo tulikuwa tunafanya siku ya mwisho, kila timu na yake. Sisi mkubwa wetu alikuwa anatoa shilingi mfukoni, anaisoma mwaka wake kwa sauti ili mwenye daftari aandike, halafu ananipa mie niliyekuwa mdogo kuliko wote niteremke nikaiweke katikati ya turubai, namba juu. Napandishwa kwa mkono, na wa kwanza anashika koleo.